Kitufe cha Kurudia

Kutoka Ndosho mpaka Kibati si safari ya kumfanya mtu aage jirani. Kasoki alipanda moto, ile pikipiki ya kukodi, saa nane mchana, na nyumba ya Mwami, mfalme wa zamani, inafungwa saa kumi na mbili. Hesabu nzuri kabisa. Ila barabara ya Rutshuru haijasoma hesabu za mtu.

Kwanza pancha, pale Murara. Halafu bariyeri ya askari, na maswali yale yale: unatoka wapi, unaenda wapi, kufanya nini. Halafu watu wanaokimbia vita. Wanashuka kutoka juu, magodoro kichwani, kuku mkononi, bibi kizee ndani ya toroli la kusukuma. Moto ikawa inatembea polepole kuliko mbuzi.

"Tena?" Kasoki aliuliza.

"Tena," alijibu Julien, dereva wake. "Mi nilisema tuende asubuhi, mama. Hukunisikia."

Kasoki alisonya. Asubuhi alikuwa na nguo za watu za kushona, na mgonjwa wa kuogesha. Na kesho hakuna. Kesho watu wa mradi wa nyumba ile wanakimbia na mashini zao za sauti, kwa sababu vita imerudi. Leo ni leo.

Nikueleze alichokuwa anatafuta, usije ukamwona mwendawazimu. Mwaka 2008, vita ilipowatoa kijijini kwao huko juu, Kasoki alikuwa na miaka kumi na minne. Walilala ndani ya nyumba ya zamani ya Mwami Rusharaza, watu mia na kitu juu ya sakafu ya mawe. Mama yake, Mama Micheline, alikwenda kutafuta maji. Alimwachia Kasoki mdogo wake, Benny, wa miaka sita. "Mushike mukono," alisema. Usiku zikalia risasi karibu. Watu wakasimama wote kwa pamoja gizani, wakasukumana, na Kasoki akaachia.

Basi. Aliachia. Miaka kumi na minne sasa, Benny hajaonekana.

Mama hakuwahi kumlaumu. Angemlaumu, ingekuwa nafuu. Yeye kila jioni alipakua sahani tatu, moja anaifunika na kuiweka karibu na mlango. Asubuhi Kasoki anaimwaga. Siku hizi miguu ya Mama imevimba, hashuki kitandani, lakini sahani lazima. Kasoki alikuwa ameichukia sahani ile kama mtu.

Sasa nyumba ya Mwami imekuwa ya kutembelewa. Ukifika unapewa mashini ndogo na vya kuvaa masikioni, unatembea peke yako. Ukutani kuna namba za rangi ya njano. Unabonyeza namba, sauti inakueleza. Kuna mambo ya wafalme, na kuna sauti za wakimbizi, nyingine zilichukuliwa na mtu wa redio mwaka ule ule wa vita. Jumapili, Lucie wa jirani alikwenda na kwaya yake. Alirudi hana maneno mengi.

"Kwa namba saba kuna mutoto," alisema. "Anaita mutu."

"Anaita nani?"

Lucie alikataa kusema. Kasoki hakulala.

Walifika saa kumi na moja na nusu. Kijumba cha tiketi kilikuwa kimefungwa. Kasoki alipiga mlango kwa kiganja, akapiga tena, mpaka akatokea muzee mmoja mwenye koti la kijani, funguo zimening'inia shingoni. Aliitwa Muzee Théoneste, mlinzi wa pale.

"Tumefunga, mama."

"Muzee, saa kumi na mbili bado."

"Mashini zimekwisha kupakiwa. Imebaki moja, nayo ni mbovu."

"Nipe hiyo mbovu."

Muzee alimtazama sana. Alichokiona usoni mwake sijui ni nini, lakini alikwenda akarudi na mashini. Juu ya kitufe kimoja palikuwa na skochi nyeusi, ule utepe wa gundi, imezungushwa mara nyingi.

"Hiki cha kurudia usikiguse," alisema. "Sauti ikipita, imepita. Unaenda mbele."

"Kwa nini?"

"Kimekufa."

Kimekufa! Kama kimekufa, mbona kimefungwa kama kidonda? Lakini Kasoki hakuwa na muda wa kubishana. Alimwacha Julien getini, akaingia.

Nyumba ile ni ya mawe meusi ya volkano, baridi hata mchana. Ndani palinuka sabuni ya unga. Kasoki alikwenda moja kwa moja kutafuta namba saba. Akaiona mwisho wa korido, juu ya mlango wa chumba cha ngoma. Akabonyeza saba.

"Karibu katika nyumba ya Mwami," ilisema sauti ya mwanamke, laini, ya kuleta usingizi. "Tafadhali anza na namba moja."

Akabonyeza saba tena. Mashini ikaongea Kifaransa. Akabonyeza saba kwa nguvu.

"Hapa Mwami alipokea wageni wake."

"Mi sitaki wageni wake!" Kasoki alifoka peke yake kwenye korido.

Hakuna njia. Alirudi mpaka mlangoni, akaanza na moja kama mtoto wa primeri. Namba mbili, kiti cha Mwami. Namba tatu, mikuki. Kwenye namba nne ilikwama. Hapa Mwami alipokea. Hapa Mwami alipokea. Hapa Mwami alipokea. Aliigonga pajani, akatoa betri, akazipuliza, akazirudisha. Dirishani mwanga ulikuwa umeshakuwa rangi ya chai. Simu yake imezima tangu juzi, Ndosho siku tatu hakuna umeme, wala asingeweza kumrekodia Mama chochote. Alitamani kulia, akatukana badala yake. Tano ikapita. Sita ikapita.

Saba.

Chumba cha ngoma hakikuwa na ngoma. Palikuwa na alama ya duara tu sakafuni, mahali ilipokuwa imekaa miaka na miaka. Kasoki alikikumbuka. Palepale. Palepale ndipo walipotandika blanketi usiku ule.

Akabonyeza.

Kimya. Mkwaruzo, kama kucha kwenye kopo. Halafu harufu... si ya sabuni tena. Blanketi lililolowa. Moshi wa kuni mbichi.

"Kasoki."

Sauti ya mtoto. Karibu sana, kana kwamba haitoki kwenye mashini.

Mdomo ulikwisha kufunguka kuitika, akaufunga kwa mkono. Maana kuna jambo Mama aliwafundisha kabla hata ya kuwafundisha kusali, na huku kwetu hakuna asiyelijua: jua likishuka, ukisikia jina lako, usiitike mara ya kwanza. Ngoja. Mtu mzima wa damu na nyama ataita tena. Kile kingine kinaita mara moja tu, hakina nguvu ya kurudia.

Akangoja.

Mkwaruzo ukaendelea. Kwa mbali alisikia Muzee akitikisa funguo. "Mama! Muda!"

Akangoja. Ita tena, Benny. Ita tena, nakuomba. Sekunde zikapita, na mashini ikalia tii, ndogo, kuonyesha kwamba namba saba imekwisha.

Akabonyeza saba. "Hapa Mwami alipokea wageni wake."

Hapo ndipo kichwa kilipomwaka moto. Miaka kumi na minne ya sahani! Pancha, bariyeri, mashini ya kijinga, na sasa hii? Hasira hasara, walisema wazee, na hawakukosea. Kasoki aliingiza kucha chini ya skochi akaivuta. Ikatoka nyuzi nyuzi. Chini yake kitufe kilikuwa kizima, kinang'aa, hata hakijachakaa.

Akakibonyeza.

"Kasoki."

Mara mbili.

"Niko!" alipiga kelele. "Niko hapa, Benny! Niko!"

Sauti ile laini ya mwanamke ikasema, "Asante kwa kututembelea." Mashini ikazima.

Na kitu kidogo, baridi, kikaingia ndani ya kiganja chake.

Mkono.

Vidole vitano, vyembamba. Vikashika. Kasoki hakuthubutu kutazama chini. Alilia bila sauti, akavibana. Halafu, taratibu, akapapasa kidole gumba. Benny alikuwa na kovu pale, alijikata na panga akimenya muwa, kovu kubwa kama punje ya mahindi.

Akapapasa tena. Akapapasa upande wa pili.

Kovu hakuna.

Alitoka hivyo hivyo, mkono umening'inia kando. Muzee Théoneste alikuwa anakuja kumfuata. Aliiona skochi iliyoshikana kwenye kidole chake, akasimama. Hakusogea hata hatua moja.

"Umerudia," alinong'ona.

"Muzee, ni nani huyu?"

"Mi siyue. Ngoma ya Mwami ilikuwaka na mutoto wake, wa kuiamsha kila asubuhi. Ngoma iliibiwa wakati wa vita. Wengine wanasema ni yeye. Wengine wanasema ni wale waliokanyagwa usiku ule." Alimeza mate. "Kila mutu anasikia jina lake mwenyewe. Kinaita mara moja, watu wanaogopa, wanaenda kwao. Mbele, kabla mashini zije, hakikuwa na namna ya kuita mara mbili. Mi ndiye niliyefunga kitufe."

"Ungeniambia!"

"Ungeniamini?"

Kasoki angemcheka, na wote wawili walijua.

"Muachie, mutoto yangu. Fungua vidole, umuachie hapa hapa."

Alifungua kidole kimoja. Cha pili. Ule mkono mdogo ukaanza kutetemeka, kama wa Benny ulivyotetemeka risasi zilipolia. Kasoki akavifunga vidole vyake tena.

"Nilishaachia mara moja," alisema.

Muzee aligeuza uso ukutani mpaka walipopita.

Getini Julien alikuwa amewasha moto yake tayari, amenuna. Alimulika taa, akasogea mbele kwenye kiti. "Mutoto akae katikati," alisema. "Barabara ni mbaya." Hakuuliza zaidi. Katika barabara ile, siku zile, kila mtu alikuwa anarudi na mtoto wa mtu.

Njia nzima kifua cha Kasoki kilikuwa baridi.

Mlangoni kwao Ndosho, alipotoa funguo, ule mkono ukachomoka. Hivi tu. Alisimama, akatega sikio. Redio ya jirani. Mbwa. Hakuna kingine. Mungu wangu, aksanti, alisema moyoni, kisha akaona haya kwa ile shukrani. Akaingia, akafunga mlango kwa komeo.

Mama Micheline alikuwa kitandani, kibatari pembeni. Jirani alikuwa amekwisha kupakua. Sahani tatu. Ya tatu imefunikwa, karibu na mlango.

"Ulimusikia?" Mama aliuliza.

"Mashini iliharibika, Mama."

Mama alitikisa kichwa polepole. Alikuwa amezoea. Kasoki alikaa, akakata kipande cha bugali.

"Mama."

Haikuwa sauti ya Kasoki. Ilitoka nje, nyuma ya mlango. Sauti ya Benny, ya Benny kabisa, na kile kikohozi chake kidogo mwishoni.

Mama Micheline aliinua kichwa. Machozi yalimtoka palepale, lakini akauma shuka. Aliuma shuka asiitike. Yeye ndiye aliyeifundisha sheria ile, na akaishika, akingoja mara ya pili kwa mwili wote.

Kasoki alijua mara ya pili haipo. Hapa hakuna kitufe. Kazi yake ilikuwa moja tu, kunyamaza.

Mara ya pili haikuja.

Ndipo Mama akateremsha miguu. Ile miguu iliyovimba, ambayo miezi minne haikukanyaga chini. Akasimama. Akaelekea mlangoni, mkono mbele, kwenye komeo.

"Mama!" Kasoki alipiga kelele.

Na alipolisikia lile neno likitoka katika kinywa chake mwenyewe, akaelewa alichofanya: ameita mara ya pili.

"Niko," Mama aliitika.

Alikuwa anamjibu nani, Kasoki hajui mpaka leo. Nje kitu kilicheka kidogo. Komeo likainuka lenyewe. Upepo ukazima kibatari, na ndani ya giza ile harufu ya blanketi lililolowa ikapita kati yao, ikaenda kitandani.

Asubuhi sahani ya tatu ilikuwa tupu, imelambwa.

Mama Micheline amepona sasa. Majirani wanamsifu Mungu. Miguu imerudi, anafagia, anapika mwenyewe, wala haulizi tena habari za Benny. Usiku analala ameelekea ukutani, mkono ameukunja kama anayekumbatia kitu. Lucie anasema Kasoki ana roho mbaya, kila siku anakonda, badala ya kufurahi.

Lakini Lucie hayupo pale jioni. Jua likishuka, Mama anaita kutoka chumbani, kwa upole, sauti ile ile ya siku zote.

"Kasoki."

Mara moja.

Kasoki anakaa na kijiko mkononi, hapumui, anangoja ya pili.