Salamu Iliyopandishwa Juu

Kila jioni, akimaliza kuosha vyombo, Chiriku alijibanza ubavuni mwa dada yake kumtazama akiandika programu. Jina hilo alipewa na bibi, maana mdomo wake haukujua likizo. Dada alikuwa ameitengenezea programu ndogo zahanati ambako mama yao alikuwa muuguzi. Ilikuwa nyepesi, haina hata kompyuta yake yenyewe, inakaa mtandaoni tu. Ujumbe wa mgonjwa ukifika, iliamka, ikaupeleka kwa mpanga miadi au kwa wagawa dawa majumbani, kisha ikalala tena.

"Ni kama mlinzi wa mlangoni," dada alisema. "Anasoma maagizo kutoka juu kwenda chini. Akipata la kwanza linalofaa, hashuki tena."

Agizo la mwisho kabisa lilisema: ujumbe mwingine wowote, ujibiwe "Asante, tumekupata."

Jioni moja dada alikwenda kuoga, akaacha kompyuta wazi. Chiriku aliutazama mstari ule akauonea huruma. Tangu utotoni alikuwa amefundishwa kwamba salamu hutangulia haja. Iweje neno la adabu litupwe chini? Akaukata, akaubandika juu. Dada alirudi na haraka ya safari ya kesho yake, akabonyeza kitufe cha kuiweka kazi mtandaoni bila kuitazama upya. Chiriku alitaka kusema, akaogopa kugombezwa, akanyamaza.

Kesho yake, alipotoka shule, alimkuta bibi amejilaza, midomo imemkauka. Bibi alikuwa na ugonjwa wa kisukari na sindano zake zilikuwa zimekwisha.

"Nimeomba dawa tangu asubuhi," bibi alisema, akimwonyesha simu. "Wamenijibu vizuri. Siku hizi wana adabu kweli."

Chiriku akasoma: Asante, tumekupata. Akaukumbuka ule mstari. Kila ujumbe ulikuwa ukikutana na salamu kwanza, ukaishia hapo hapo.

"Labda ni mtandao, bibi," alidanganya. Akampigia dada, simu haikupatikana. Kompyuta ilikuwa safarini pamoja naye. Afanye nini sasa? Bibi aliomba maji kwa mara nyingine. Alimpa maji, kisha akakimbia zahanati.

"Leo kumepoa," mama yake alisema alipomwona. "Hakuna hata mmoja aliyeomba dawa."

"Wameomba, mama. Mimi ndiye niliyewazibia njia."

Akaeleza yote, machozi yakimtiririka. Mama hakumgombeza, na hilo lilimuumiza zaidi. Alimtuma dereva wa zahanati ampelekee bibi sindano upesi.

"Na wengine? Nani waliomba?"

"Haitunzi ujumbe, mama. Inajibu tu, inalala."

Ikabidi wapite kwa kila mgonjwa aliyezoea kupelekewa dawa, Chiriku akibeba mfuko. Kila mlango ulipofunguliwa, mtu aliinua simu yake kwa matumaini: "Nilijua mnakuja, mlisema mmenipata." Chiriku alitoa dawa mfukoni, akampa. Mlango wa mzee mmoja fundi viatu haukufunguka. Walibisha, wakaita, wakabisha tena. Chiriku aliegemea ukuta, akiwaza mabaya tu. Hatimaye komeo likasikika. Mzee alitoka akijikongoja, akapokea dawa yake na kushukuru, asijue anamshukuru yule yule aliyemzibia njia.

Walipofika nyumbani, bibi alikuwa ameketi, uso umechangamka. Dada naye aliwasili kutoka safarini, akasikia habari, akaushusha mstari ule chini ulikotoka. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua.

"Na mimi nina kosa," dada alisema. "Niliharakisha, sikukagua."

Bibi akamvuta Chiriku karibu. "Kukosea ni kwa kila mtu, mjukuu wangu. Lakini mficha uchi hazai. Ungesema jana, dada yako angerekebisha kabla hajaondoka. Kosa linalosemwa mapema hupata wa kulitengeneza. Linalofichwa huwaumiza wasiokuwepo."

"Nisamehe, bibi."

"Nimekusamehe. Ila nakushangaa. Mwaka mzima unatupigia domo, na siku tuliyokuhitaji useme, ndiyo siku uliyonyamaza."