Ukuta wa Bi Ildefonsa

Jua lilikuwa linazama Rusumo wakati Pancras, wakala wa forodha aliyevimba kichwa, alipoingia ukumbi wa hoteli kwenda kusimama kando ya ukuta wa mama yake.

Ndiyo, ukuta wa nyumba. Mama huyo, Bi Ildefonsa wa kijiji cha Keza, alikuwa akiusiriba kwa mavi ya ng'ombe na majivu tangu alipoolewa, akiuchora nakshi nyeusi na nyeupe. Mama alipokwenda misa, Pancras alikuja na mafundi wakaukata. Akautia fremu, akaupeleka kwenye maonyesho ya sanaa hotelini hapo, akajiita msanii. Malipo yake yalikuwa kulala siku mbili katika chumba chenye mabomba ya rangi ya dhahabu. Mjinga huyo akaona amefika.

Simu ikaita. Ni mdogo wake, Koleta.

"Shikamoo kaka. Mama hali chakula. Tangu uukate ukuta anakauka, ngozi inapasuka. Urudishe leo, atatufia."

Hata marahaba hakuitoa. "Mpeni uji. Mnaniletea uchawi wa mavi?"

Akakata simu.

Wageni wakajaa, glasi mikononi. Mama mmoja mwenye miwani akaomba kuona kazi hiyo inavyofanywa. Pancras, ambaye hajawahi kushika hata kinyesi cha ndama, alitabasamu, akabandika kiganja cha kulia juu ya nakshi.

Ukuta ulikuwa mbichi.

Mbichi... na wa moto, kana kwamba umesiribwa sasa hivi. Harufu ya zizi ikatanda. Akavuta mkono. Haukutoka. Ndani ya ukuta, vidole vyembamba, vikavu, vilikuwa vimeshika vyake.

"Umekula, mwanangu?" sauti ikanong'ona.

Alipiga yowe, akachomoka. Wageni wakapiga makofi! Walidhani ndiyo sanaa yenyewe.

Chumbani alimaliza sabuni zote za hoteli. Harufu ilibaki palepale. Simu ikaita tena, na safari hii Koleta alinong'ona.

"Kaka... mama ameamka. Amekula. Sasa anasiriba."

"Anasiriba nini? Ukuta ninao huku!"

"Uko hapa, kaka. Umerudi mahali pake... una kiganja katikati."

Alishuka ngazi mbio.

Fremu ilikuwa tupu.

Wenye hoteli wanasema ni wezi, eti wameupakia kwenye lori. Sawa. Lakini mkono wa kulia wa Pancras umekauka, wa kijivu, una nyufa, haushiki hata kalamu. Kila mama akianza kusiriba kule Keza, yeye huku Rusumo anahisi mkono unalowa. Mama hukizunguka tu kile kiganja. Hakigusi.

Pancras bado hajaenda Keza. Amemtuma Koleta amwombee msamaha, maana yeye ana shughuli nyingi.

Mama amejibu kwamba anafikiria. Anasema kile kiganja kinamharibia nakshi, na siku yoyote atakisiriba kifutike kabisa.