Kiti cha Maikrofoni ya Nne

Spika ilikuwa imezimwa, waya wake umechomolewa ukutani, lakini Avelina alisikia ndani yake sauti ya mwanawe ikiomba uji.

Aligeuka. Faith, mtoto wa miaka mitatu, alikuwa amekaa mlangoni pa studio, mdomo ukifunguka na kufumbika. Hakikutoka kitu ila pumzi. Pumzi ndefu, nzito, ya mtu mzima.

"Mama, uji," spika ikasema tena.

Avelina alivua khanga mabegani akaifunika spika, kama mtu anavyomfunika maiti uso. Kisha akambeba mtoto, akampeleka jikoni kwa bibi yake, wala hakusema neno. Alijua kilichotokea. Hilo ndilo lililomtafuna: alijua tangu mwanzo.

Studio yao ilikuwa chumba cha uani, pale nyumbani Chanji, kuta zimebandikwa trei za mayai na vipande vya magodoro. Mumewe, Isdori, alirekodi kwaya za parokia humo. Avelina ndiye aliyekaa kwenye kompyuta kusafisha sauti, kwa kuwa alikuwa na masikio mepesi na aibu ya kukaa mbele za watu. Baridi ilipoanza kushuka kutoka milimani, mzee Zenon aliwaletea kanda ya zamani, kubwa kama sahani, pamoja na mashine yake. Zamani mzee huyo alipiga gitaa katika bendi ya Mbizi Jazz, na wenzake wote walikuwa wamekwisha kuzikwa. Alitaka kanda ile ihamishiwe kwenye kompyuta kabla haijaoza.

"Hatukuwa na studio sisi," aliwaambia. "Tulirekodi ghalani, katikati ya magunia ya mahindi. Ngoma tuliziweka nyuma ya magunia zisimeze gitaa. Mpiga tarumbeta tulimsimamisha mlangoni, uso nje, maana yule mtu alikuwa na mapafu ya ng'ombe. Mimi niliimba na kupiga kwenye maikrofoni moja. Ya nne tuliiweka mbele ya kiti kitupu."

Isdori alicheka. "Mzee, siku hiyo mlikunywa nini?"

"Kimpumu, sikatai. Lakini kile kiti hakikuwa cha ulevi." Zenon akashusha sauti. "Tulikuwa tukifanyia mazoezi mlimani, penye chemchemi. Kuna kilichotupenda huko, kikatufuata. Kila nyumba tuliyolala, mtoto wa nyumba ile aliamka hana sauti. Mganga akatuambia, jini asiye na kiti hukalia cha mwenzake, mpeni chake. Tukampa. Akaingia kwenye kanda, akatulia. Kwa hiyo traki ya nne, ile ya maikrofoni ya kiti, ihamisheni kama ilivyo. Msirekodi kitu juu yake."

Isdori alisema sawa, kama mtu anavyomwambia mzee sawa. Kesho yake akaenda Mwazye kurekodi kwaya, akamwachia mkewe kazi.

Avelina alivaa hedfoni, akasikiliza traki moja moja. Ngoma zilikuwa na vumbi la magunia. Tarumbeta ililia kwa mbali, kama inaita watu watoke mashambani. Kwenye traki ya nne kulikuwa na pumzi tu, ikiingia na kutoka. Wakati huo Faith alikuwa uani akiimba wimbo wa kusaga ulezi aliofundishwa na bibi yake. Sauti ya mtoto haikai, Avelina akawaza. Mwakani itakuwa nyingine. Na kanda hii inatunza sauti kwa joto ambalo kompyuta haina, na hapa kuna nafasi nzima inapotea bure.

Akamwita mtoto, akamkalisha kitini, akamsogezea maikrofoni. Akabonyeza kitufe chekundu.

Alipoicheza kanda tena, sauti ya Faith ilikaa juu ya gitaa la zamani sawasawa, kama vile wazee wale walikuwa wakimngoja yeye. Pumzi ilikuwa imetoweka. Avelina alifurahi kwamba imetoweka.

Asubuhi iliyofuata mtoto aliamka bubu, na spika ikaomba uji.

Isdori aliporudi alikuta majirani wamejaa uani. Walikuwa wamekwisha kuamua. Kuna bibi mzee ndani ya nyumba, macho mekundu, mtoto amelala vizuri ameamka hana sauti. Waulize nini tena?

"Mama Faith," Isdori aliuliza polepole, "mtoto alikula nini jana?"

"Uji wa ulezi."

"Aliupika nani?"

Avelina alitazama miguu yake. "Mama."

Maneno yote yalikuwa kweli, na kila moja lilikuwa jiwe.

Tangu hapo nyumba ilianza kunuka magunia yaliyolowa, harufu ya ghala na panya, ingawa hawakuwa na mahindi ndani. Mchana kweupe, studio ikiwa imefungwa, kiti kilisikika kikivutwa sakafuni, kikisogea, kikitulia. Bertila, mama yake Isdori, alimpakata mjukuu wake akisali rozari, na mtoto alipumua ile pumzi ya kiume mbele ya uso wake, naye hakugeuza uso.

Hatimaye Isdori alisema atampeleka mama yake Muze kwa ndugu yake, kabla watu hawajaichoma nyumba. Bertila hakubisha. Alikunja vitenge vyake kimoja kimoja.

"Wewe unanijua, mwanangu," alimwambia mkwewe.

Avelina alimshikia mfuko aupange. Akanyamaza.

Asubuhi Isdori alipokwenda kutafuta gari, Avelina alikimbia kwa Zenon, akamwambia yote, akilia. Mzee hakumlaumu, na afadhali angemlaumu.

"Umemkalisha mtoto kwenye kiti cha mwingine," alisema. "Sasa mwingine amekaa kwa mtoto. Twende. Tutaweka kiti kitupu na kurekodi upya. Sauti ya mtoto itarudi kwake, na yule atarudi kwake. Ila chumba kinyamaze hadi kanda iishe. Sauti ya mtu yeyote ikiingia mle, itabaki mle, na jini atahamia kwake."

"Kitufe kimelegea, babu. Nikikiachia, kinaruka."

"Basi usikiachie. Ukikiachia tumempoteza."

Zenon alikaa pembeni, Faith mapajani, macho ameyafumba. Masikio yake yalikuwa mazito kwa miaka ya kusimama karibu na ngoma; cha nje hakukisikia. Avelina akabonyeza kitufe, akakishikilia. Magurudumu yakazunguka. Kiti kitupu kikalia kidogo, kama kimepokea uzito, na Avelina akasikia baridi ikipita shingoni mwake kuelekea pale.

Ndipo gari likaingia uani.

Kwa masikio yake mepesi, ingawa kuta za magodoro zilizuia sauti za nje zisifike kwenye maikrofoni, alimsikia Isdori akimwambia mama yake apande upesi, akasikia miguu ya majirani ikija, wanaume kwa wanawake, mtu akisema haondoki mpaka arudishe sauti ya mtoto, na Isdori akiwasihi, jamani, ni mama yangu, na jiwe la kwanza likigonga bati la gari, na la pili halikugonga bati, lilitoa sauti nyingine, sauti laini, na Bertila akaguna mara moja tu kama mtu aliyejikwaa, na Avelina, kidole kwenye kitufe, akitazama kanda ambayo ilikuwa bado nene kwenye gurudumu, na mwanawe ambaye midomo yake ilianza kutetemeka kutafuta neno, akaelewa kwamba akiachia anamwua mtoto na akinyamaza anamwua mama, na kwamba amenyamaza siku zote hizi bila kushikiliwa na kitufe chochote.

Kidole hakukiondoa. Alifungua mdomo.

"Mwacheni mama," alipaza sauti, kwa mara ya kwanza katika maisha yake. "Hakufanya kitu. Ni mimi niliyemrekodi mtoto juu ya kanda. Nilijua, nikanyamaza. Ni mimi."

Nje mtu akaangusha jiwe chini. Kanda ikazunguka hadi mwisho, ncha yake ikapigapiga hewani.

"Mama," Faith akasema, kwa mdomo wake mwenyewe, akaanza kulia kilio kikubwa cha mtoto mzima wa afya.

Zenon alifumbua macho. Alimtazama mtoto, kisha akamtazama Avelina, akavua kofia.

Mlango ukafunguliwa. Bertila aliingia, damu ikimtiririka kwenye paji la uso, mwanawe nyuma yake. Avelina alipiga magoti miguuni pake, kama mkwe anavyopaswa. Alitaka kuomba msamaha, akaona aanze na salamu. Midomo ikafanya shikamoo, lakini kilichotoka kilikuwa pumzi, ndefu, nzito, yenye harufu ya magunia.

Bertila aliisikia. Akamwekea mkono kichwani, mkono wa mzee unaosamehe.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Karibu, inuka."

Na ile pumzi ndani ya Avelina ikatulia taratibu, ikajiweka sawa, kama mgeni aliyekaribishwa na mwenye nyumba.