Bia Haitemwi

"Chumvi, unanisikia?"

Sauti ya Mkuu ilitoka kwenye kidubwasha kilichofichwa sikioni.

"Nakusikia, Mkuu."

"Mapipa yote manane yanapelekwa saa nane kwa wajumbe wa amani. Moja lina sumu, na inaua baada ya siku mbili. Usikurupuke. Mwenye nalo akishtuka, tumemkosa."

Chumvi alikuwa kwenye meza ya majaji wa mashindano ya bia, akijifanya mmoja wao, katika ukumbi wa kiwanda kidogo cha bia. Bastola yake, Beretta, ilikuwa kwapani. Mbele yake kulikuwa na bia ya vanila.

Bia ya vanila! Chumvi, anayekunywa hata chai bila sukari, aliitazama kwa kinyaa. Povu lake lilinata midomoni kama dawa ya kikohozi ya watoto.

Alichovya kalamu ya kupimia sumu. Nyekundu, rangi ya sumu. Akachovya kwenye ya pili, ya ndizi na asali. Nyekundu pia. Sukari ilikuwa imeivuruga kalamu. Takataka.

Ilibaki desturi ya hapo: kila mtengenezaji alitangulia kunywa bia yake mbele ya majaji. Chumvi akakodoa macho.

Fundo la kwanza alitaka kulitema ndooni. Bibi Kimea, aliyekuwa jaji kwa miaka thelathini, akamshika mkono.

"Bia haitemwi, mwanangu. Uchungu wake unausikia kooni. Ukitema, umeonja nini? Hiyo ndoo ni ya masalio."

Akameza.

Pipa la tatu, chokoleti na pilipili. La nne, peremende ya mnanaa. La tano lilikuwa na ladha ya keki, na la sita ni la maembe na maziwa, Mungu atusamehe. Watengenezaji wote walimeza, tena kwa raha.

La saba, stroberi. Mwenye nalo, bwana wa tai nyekundu, alipiga fundo, akalizungusha mdomoni, akageuka kando.

Akatema.

Bibi Kimea alikuwa ameshafikisha glasi mdomoni. Chumvi akaidaka.

"Umetema," alimwambia yule bwana.

"Nimeshiba tu, jaji."

"Fundo moja halishibishi. Meza."

Bwana aliitazama glasi. Akautazama mlango. Mkono ukateleza chini ya aproni.

Beretta ilikuwa imeshatoka.

"Mkuu, ni la saba."

Vijana wa Mkuu waliruka kutoka kwenye Land Cruiser iliyoegeshwa nje, wakamtia pingu, wakalibeba na pipa lake.

Bibi Kimea aliitazama ile glasi ya stroberi.

"Ningeimeza yote," alisema.

"Najua, Bibi."

Bibi akamsogezea karatasi ya alama. "Bado la nane. Mwenzetu anasubiri tangu asubuhi."

Nazi na karameli. Chumvi angechagua risasi. Lakini bila somo la bibi huyu asingekamata mtu, naye bibi alikuwa amemkazia macho kooni.

Akameza.

Akaandika sifuri, akafunga kifungo cha koti, akatoka polepole kutafuta kahawa chungu.