Ndagaa wa Mwezi Mpevu

"Simba Maji, acha boti iende. Nimekwisha kuikagua."

Sauti ya mkuu wake, Camille, ilikwaruza ndani ya redio ya Motorola iliyofichwa kapuni. Évariste, ambaye redioni aliitwa Simba Maji, alitupa jicho huku na huku. Mchana ule gati la Kalemie lilikuwa kimya mno. Hakuupenda ukimya huo.

"Imebeba nini, chef?"

"Magunia sitini ya ndagaa. Walivuliwa Mpala juzi usiku, niliwaona kwa macho yangu. Achana nayo."

Redio ikazimwa.

Ulikuwa mwaka 1987. Miaka ishirini na miwili Évariste alikuwa amewalinda tembo wa Zaire; leo alijifanya mchuuzi wa samaki. Siku kumi nyuma majangili waliua tembo watano karibu na Nyunzu, wakamuua na Firmin, mlinzi mwenzake. Walibaki tembo kumi na mmoja. Pembe zikivuka ziwa, ushahidi ungepotea, na wauaji wangerudi kuwamaliza.

Juzi usiku?

Camille alikuwa mtu wa Kinshasa. Évariste alizaliwa Zongwe, kando ya ziwa, kwa wavuvi. Alimgeukia Mama Pélagie, aliyekaa mbele ya meza yake ya samaki, tupu.

"Mama, juzi wavuvi waliingia ku maji?"

"Na ile mwezi muzima? Ndagaa itafuata taa gani? Wote walilala na bibi zao, Papa. Tangu Mpala mpaka hapa."

Ndagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza tu. Mkuu wake alikuwa amedanganya.

Alibadilisha masafa, akaita kituo cha askari wa gati. "Komanda, usijibu. Sikiliza tu."

Akafunga kitufe cha kusemea cha redio kwa kipande cha mpira, kibaki kimebonyezwa, akairudisha kapuni, akapanda botini.

Kisu kilipasua gunia la kwanza. Ndagaa wakavu wa zamani walimwagika. Chini yao, pembe.

"Nilikuambia uachane nayo."

Camille alitoka chumba cha injini, bastola ya Browning mkononi.

"Firmin ulimuua wewe?"

"Firmin aliuliza maswali mengi. Kama wewe." Camille alisogea. "Ziwa njo refu kwenda chini, Évariste. Hakuna mutu atakuona tena."

Évariste aliogopa. Hakuona haya kuogopa. Lakini aliweka kapu chini taratibu, akafunua kitambaa.

Taa nyekundu ya redio ilikuwa inawaka.

Camille aliitazama, kisha akatazama gati. Askari wanane walikuwa wameshajipanga pale, bunduki zimeelekezwa botini. Browning ikaanguka juu ya ndagaa.

Évariste aliokota kapu lake, akashuka bila kugeuka nyuma.

"Papa, hautanunua kitu?" aliuliza Mama Pélagie.

"Wiki ijayo, Mama, giza ikirudi. Sasa ninaenda Nyunzu."

"Kufanya nini?"

"Bibi ya Firmin anangoja kujua nani alimuua bwana yake."

Alivua kofia ya mchuuzi, akaiacha juu ya meza tupu, akaelekea stesheni.