Sawa Kumi na Moja

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya chai na kabla ya kufua, mimi na baba tulipima mafuta ya giaboksi. Gari letu lilikuwa la otomatiki, la zamani, lililonizidi umri kwa miaka tisa, na kazi ile ilitaka watu wawili. Baba alilizungusha mtaani mpaka lipate moto, akaliegesha mahali palipo sawasawa, kisha akabaki kwenye usukani huku injini ikinguruma na mguu wake uko kwenye breki. Alipitisha gia zote taratibu, ya nyuma na ya mbele, halafu akairudisha ile ya kuegeshea. Mimi nilisimama mbele, boneti ikiwa wazi, nikachomoa kijiti cha kupimia, nikakifuta, nikakirudisha na kukichomoa tena.

"Mkaguzi, tupe taarifa," baba alisema kutoka ndani.

Mkaguzi ndiye mimi. Wengine nyumbani walinicheka kwa jina hilo, hasa mdogo wangu Kidagaa, lakini mimi nililipenda kuliko jina langu la shule. Kulikuwa na daftari dogo lililofungwa kwa uzi karibu na redio. Niliandika tarehe, kisha neno moja: sawa, au pungufu. Baba aliweka sahihi yake. Niliwahi kumuuliza kwa nini tusipime injini ikiwa imezimwa, tukamaliza haraka. Alinieleza kwamba injini ikizimwa mafuta hushuka yote chini, na kijiti huonyesha mengi kuliko yale yanayofanya kazi. "Gari lililolala halisemi kweli," alisema.

Baba alifariki mwanzoni mwa muhula wa pili. Ndugu walikuja, wakalia nasi, wakaondoka. Jumamosi ya kwanza tuliyobaki peke yetu, mama alinikumbusha gari, akarudi kwenye cherehani yake. Yeye hushona mapazia na kuwapelekea wateja kwa gari lile. Hakujua tulikuwa tunapimaje. Hayo yalikuwa mambo yangu na baba.

Nilifungua boneti, nikasimama pale kama mtu aliyetumwa akasahau alichotumwa. Mama alikuwa hatua kumi tu kutoka nilipo. Ningemwita, angekuja kukaa kwenye usukani. Lakini nilijua ningesimama pale nikisubiri sauti ambayo haitakuja tena, na hilo sikuliweza. Nikafunga boneti, nikaandika tarehe, nikaandika sawa. Nililia kidogo, nikafuta uso. Mama aliponiuliza, nilimjibu neno lile lile.

Uongo wa kwanza ulinitoa machozi. Wa pili na wa tatu haukunichukua hata dakika moja.

Ilipofika wiki ya saba, gari lilianza kushtuka. Likitoka gia ya kwanza kwenda ya pili, lilitupiga teke mgongoni. Kidagaa alisema lina kwikwi, lipewe maji. Tulicheka, mama pia, na ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu msiba. Kisha ikaja zamu ya rivasi. Mama aliweka gia ya kurudi nyuma, gari likakaa tu kama linafikiria, halafu likaruka ghafla. Kwa mteja mmoja liliruka hivyo likavunja chungu cha maua. Siku ya Alhamisi likagoma kabisa kurudi nyuma, na tukalisukuma, mimi na mama, mpaka jasho likatutoka. Nilijua la kufanya. Lakini Jumamosi niliandika sawa ya kumi na moja.

Jumanne mama alimwita Fundi Polepole, rafiki wa baba tangu ujanani, ambaye sisi watoto tunamwita baba mdogo. Jina la Polepole alilipata kwa sababu hakuwahi kukimbilia spana. Alisema gari ni mgonjwa asiyejua kusema, kwa hiyo kwanza uwahoji ndugu zake. Alimuuliza mama mengi. Linashtuka likiwa baridi au likipata moto? Kwenye gia ipi? Rivasi ilianza lini kuchelewa? Kisha akaliendesha mwenyewe, akarudi, akamwomba mama akae kwenye usukani injini ikiwa imewaka, naye akachomoa kijiti.

Ncha tu ndiyo iliyolowa. Mafuta yale huwa mekundu, lakini haya yalikuwa ya kahawia, na aliponipa ninuse, yalinuka mkate ulioungua. Aliingiza mkono dirishani, akalivuta daftari. Alisoma ukurasa ambapo sahihi ya baba iliishia, akashuka kwa kidole mpaka mstari wa mwisho.

"Jumamosi yalikuwa sawa," alisema. "Leo Jumanne, hamna kitu, na yameungua. Shemeji, hili si zuri."

Alimweleza mama bila haraka. Kama mafuta yangekuwa yamepungua kidogo kidogo kwa miezi, angetafuta mahali panapovuja, na huo ni ugonjwa unaotibika. Lakini kuisha kwa siku tatu maana yake kitu kikubwa kimevunjika ndani, na ni lazima giaboksi yote ishushwe. Kwa gari la umri ule, hakuona kama inafaa. Alisema asingekuwa na daftari lile angesema mengine, ila yeye alimjua marehemu, na binti yake alifundishwa na marehemu mwenyewe.

"Daftari hili naliamini kuliko macho yangu," alisema.

Mama aliitikia kwa kichwa. Alisema basi wanunuzi wa vyuma chakavu waje kesho kutwa walichukue. Kisha akafungua kisanduku cha mbele, akaanza kutoa vitu vya baba kimoja kimoja: kitana, kitambaa cha mkononi, miwani yenye mkono uliofungwa kwa uzi. Ile miwani hakuiweka chini. Aliishika tu.

Baba alikuwa amekwisha kuondoka mara moja, na sasa mimi nilikuwa ninamwondosha mara ya pili.

"Baba mdogo, si kweli," nilisema.

"Kipi si kweli?"

"Hizo sawa. Tangu baba afe sijapima hata mara moja. Niliandika tu."

Mama alinitazama, kisha akatazama miwani mkononi mwake. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Fundi Polepole alilaza gunia chini, akajilaza juu yake, akaingia chini ya gari na tochi. Alifuta matope na mafuta ya zamani, akangoja injini ikiwa inanguruma. Baada ya muda aliniita. Niliinama nikaona bomba la mpira, lile linalopeleka mafuta kwenye rejeta yakapoe. Lilikuwa na ufa mdogo karibu na kibano chake. Tone likajikusanya, likaning'inia, likaanguka mchangani, na mchanga ukalinywa.

"Kwa siku tatu lisingemaliza," alisema. "Kwa wiki kumi na moja limeweza."

Kesho yake alibadilisha bomba na chujio, akamwaga mafuta yaliyoungua, akajaza mapya. Mama alipoweka rivasi, hata Kidagaa alinyamaza. Gari likarudi nyuma polepole, bila kuruka. Wanunuzi wa vyuma wakaambiwa wasije. Lakini tulipozunguka mtaani, kutoka gia ya pili kwenda ya tatu, lilishtuka tena kidogo. Fundi alituambia klachi za ndani zimeungua kiasi. Tukilitunza litatufikisha mbali, ila ule mshtuko hautaondoka. Ungewahiwa wiki za mwanzo, usingekuwepo.

Aliposhuka gereji kwake, mama alibaki ameegesha. Tulikuwa wawili tu; Kidagaa tulimwacha nyumbani.

"Unajua baba yako alianza lini kuumwa kifua?" aliniuliza.

Nilisema mwezi ule aliolazwa.

"Miezi saba kabla yake. Kila asubuhi nilimuuliza umeamkaje, akaniambia sawa. Hakutaka nihuzunike. Daktari aliniambia kama tungekwenda mapema..." Hakumalizia. Alifuta uso kwa kiganja. "Na wewe ukanipa sawa nyingine kumi na moja. Mwanangu, sikulaumu kwa kushindwa. Ungeniambia, mama, siwezi kufungua boneti peke yangu, ningeacha cherehani nikaja, tukalia wote, halafu tukapima. Anayesema ukweli kwamba hali si nzuri anampa mwenzake nafasi ya kumsaidia. Anayesema sawa ilhali si sawa, anamnyima. Mimi nimenyimwa mara mbili katika nyumba hii. Isiwe ya tatu."

Nilimwahidi, nikilia. Nilitaka kuuchana ule ukurasa wa daftari, akanikataza. Alinipa kalamu, na mbele ya kila sawa niliandika: sikupima. Mara kumi na moja. Mkono uliniuma, na nafikiri ndivyo alivyotaka.

Jumamosi iliyofuata, baada ya chai na kabla ya kufua, mama aliliendesha gari mpaka likapata moto. Akaliegesha pale pale, akapitisha gia zote taratibu kama nilivyomwelekeza. Nilisimama mbele ya boneti na kitambaa changu. Injini ilinguruma. Sauti niliyoiogopa wiki zote zile haikuja, na nilijua haitakuja. Ikaja nyingine, imekwaruza kidogo.

"Mkaguzi, tupe taarifa."

Nilichomoa kijiti, nikakifuta, nikakirudisha, nikachomoa tena. Fundi alikuwa ametuonya kwamba mafuta mapya yatashuka kidogo.

"Hayajafika kwenye alama, mama. Pungufu."

"Basi andika hivyo hivyo."

Niliandika pungufu, na mama akaweka sahihi yake. Kisha akashuka garini, akaja kunishikia chupa ya mafuta.