Kituo cha Sita Kinajibu

Mtu akikuambia yuko salama, wewe unajuaje? Usinijibu haraka. Mfamasia alikuwa mtu wa kujibu haraka, na hadithi hii inaanzia hapo.

Alikuwa na duka la dawa, redio tatu za mawasiliano, na mwandiko usiofanana na wa watu wa dawa, yaani unaosomeka. Jumamosi moja kila mwaka alilifunga duka akaenda kuongoza mawasiliano ya mbio za baiskeli za hisani, zile za kuchangia mashine za oksijeni za wodi ya watoto. Waendesha baiskeli mia moja na themanini walizunguka milima kilomita tisini, na kwa kuwa simu hazishiki kule juu, wapenzi wa redio walijitolea kukaa njiani, kila mmoja na antena yake, betri ya gari na mwavuli. Hawalipwi. Wanapewa fulana na chupa ya maji, na siku hiyo wanajiona majenerali.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Kila nusu saa, aliyeko Makao anaita vituo kwa namba. Kituo kinajibu, kinasema hali. Makao anaandika kwenye daftari saa, namba, na herufi S kama ni salama. Kituo kikiitwa mara tatu kisijibu, gari la wagonjwa linaondoka, hakuna kujadiliana.

Mwaka huu vilipangwa vituo kuanzia cha kwanza hadi cha saba, lakini cha sita hakikuwekewa mtu. Namba iliachwa wazi kwa heshima ya Fundi Saa, aliyefia pale mwaka jana, kwenye kiti chake cha kukunja pembeni mwa msitu wa misonobari, redio ikiwa mapajani. Daktari alisema moyo ulisimama karibu na saa nne asubuhi. Daftari lilisema Fundi Saa alijibu saa nne, akajibu saa nne na nusu, akajibu saa tano.

Chama kizima cha wapenzi wa redio kiliipenda habari hiyo. Waliisimulia msibani, wakaisimulia kwenye mkutano mkuu kwa sauti za kunong'ona: mtu wa kazi yule, hata alipokuwa maiti hakuacha zamu. Na kila ilipofika hapo, Mfamasia aliinama akapanga kalamu zake.

Makao ilikuwa chumba cha mikutano, ghorofa ya pili ya hospitali ya watoto: meza ndefu, viti vya plastiki, ramani ukutani, dirisha linalotazama kamba za nguo za wauguzi. Mfamasia alikuwa amekifunga kitufe cha sauti cha redio kwa plasta ya kidonda, kikiwa kimezungushwa hadi mwisho kabisa. Asubuhi alimkaripia mtu wa viti aliyetaka kuipunguza. Watu wakasema huyo mama yuko makini.

Mjane wa Fundi Saa alikaa upande wa pili wa meza. Alikuwa ameomba mwenyewe.

"Wewe uite, wifi," alisema. Waliitana hivyo kwa mazoea tu, bila undugu. "Mimi nitaandika. Nataka kukaa pale alipokuwa anasikika."

Utamkataliaje mtu wa namna hiyo? Alikuja na daftari la mwaka jana ndani ya mkoba. Chama kilimpa siku ya arobaini, liwe kumbukumbu.

Saa tatu kamili Mfamasia alianza kuita. Moja, salama. Mbili, salama. Tatu na nne vilevile.

"Tano."

"Tano, salama, dada," alijibu Kinyozi, ambaye hata hewani aliongea kama ana kichwa cha mteja mkononi. "Ila waambie wa mbele wapunguze mbwembwe. Hapa wanakuja wamekaza sura, nikigeuka tu wanashuka kusukuma."

Mfamasia alitabasamu, na mdomo, kwa mazoea ya miaka kumi na moja, ukaendelea wenyewe.

"Sita."

Neno lilishatoka. Akashusha mkono haraka kama aliyegusa pasi.

Mkwaruzo. Kisha, taratibu:

"Sita. Salama."

Mjane alikuwa ameshaandika S kabla hajainua kichwa.

"Nani huyo?"

"Mkwaruzo tu, wifi. Milima inarudisha sauti."

"Mkwaruzo hausemi salama."

Kinyozi akaingia tena. "Makao, huyo mcheshi ni nani? Mimi naiona kona ya sita kutoka hapa. Hakuna mtu. Kuna kiti tu."

"Kiti gani?"

"Cha kukunja. Si ninyi mmekiweka? Nilidhani ni ukumbusho."

Mfamasia aliita saba bila kumjibu. Mjane alikuwa ananusa vidole vyake, kimoja baada ya kingine.

"Unasikia harufu?" aliuliza. "Ya yale mafuta aliyokuwa anasafishia saa. Miezi sita niliyafua kwenye mashuka hadi yakaisha."

Harufu ilikuwepo. Nyembamba, chungu, kama sarafu iliyowekwa ulimini.

Saa tatu na nusu Mfamasia alijihadhari. Alikifunika kwa kiganja kituo cha sita kwenye orodha, akaita tano, akavuta pumzi aruke kwenda saba. Hakuwahi.

"Sita. Salama," ikasema redio, mahali pake kabisa kwenye foleni, bila kuitwa. Nyuma ya maneno kulikuwa na mlio mdogo mdogo, tik, tik, tik, si wa saa moja, wa saa nyingi zisizopatana. "Arobaini na moja amepita. Salama."

Namba arobaini na moja alikuwa binti wa Mfamasia. Miaka ishirini na mbili, mbishi, mwenye pumu. Mama alimkataza kushiriki, binti akamwambia, "Mama, nachangia oksijeni, itakuwa aibu kuikosa," wakacheka, na mama mwenyewe akamtilia pampu ya dawa kwenye mfuko wa fulana, na filimbi shingoni kama waendeshaji wote.

Kwa nukta moja, aliposikia binti amepita salama, Mfamasia alifurahi. Nalisema hili kwa sababu yeye asingelisema: alijua ile sauti haina mdomo, na bado alipokea habari njema kutoka kwake.

Saa nne kasoro dakika tano aliita saba. Kituo cha saba kilikuwa cha Mganga, mzee anayetibu watu kwa mizizi na kutoa majini siku za wiki, aliyejiunga na chama kwa sababu, alivyosema, amechoka kuongea na wasioonekana bila vifaa.

"Binti yangu amefika kwako?"

"Hajafika, mama. Na waliokuwa nyuma yake wameshapita wote."

Kati ya tano na saba ni mteremko mtupu, nusu saa ukizembea. Kinyozi alimwona akipita kwake saa tatu na dakika kumi. Mfamasia hakuhitaji kalamu kupiga hesabu hiyo. Alijua pumu hufanya nini dakika ya tano na dakika ya ishirini, aliwaeleza watu kila siku akiwa nyuma ya kioo cha duka. Aliliita gari la wagonjwa, likajibu liko kilomita arobaini chini, litahitaji saa nzima. Akamtuma Kinyozi apande pikipiki yake na redio ya mkononi.

Kinyozi alishuka hadi saba, akapanda, akashuka tena.

"Dada, simwoni. Nimeangalia kingo zote. Na hicho kiti..." Sauti ilipungua. "Nilipopita mara ya kwanza kilitazama barabara. Sasa kinanitazama mimi."

"Endelea kutafuta."

"Natafuta. Ila niambie ukweli, nani mwingine yuko kwenye masafa haya? Kila nikisimama nisikilize, kuna mtu ananiambia hapa salama, nenda."

"Sita," ilisema redio juu ya maneno yake. "Salama."

"Mzee," Mfamasia alimwita Mganga, kwa sauti ya chini, akigeuza uso asionwe na mjane. "Fanya kitu. Si ndiyo kazi yako?"

"Mimi natoa vilivyoingia bila ruhusa," alisema Mganga. Naye hakuwa anatania. "Hiki nimekisikiliza tangu saa tatu. Hakina wasiwasi, kama mwenye nyumba. Hiki kina karatasi, mama. Kuna mtu alikiandikia kwamba kipo, na watu wakakiamini mwaka mzima, wakakilisha maneno. Jini hawezi kuacha nyumba aliyojengewa. Mwenye kuandika ndiye..."

"Salama," ikasema redio, na Mganga hakusikika tena. Mfamasia aliita tano, ikajibu sita. Aliita gari la wagonjwa, ikajibu sita. Vituo vyote sasa vilikuwa kituo kimoja, na vyote vilikuwa salama.

Mjane alikuwa amelifungua daftari la mwaka jana.

"Wifi, njoo uone kitu."

"Si sasa."

"Sasa. Mume wangu alikuwa na ugonjwa wa sekunde, unakumbuka? Tazama. Saa mbili na sekunde nne, salama. Saa mbili na nusu na sekunde kumi na moja. Saa tatu na sekunde sita. Saa tatu na nusu na sekunde tisa. Umeziandika zote, kwa mkono wako." Kidole chake kilishuka. "Halafu saa nne, S tupu. Saa nne na nusu, S tupu. Saa tano, S tupu. Nimelala na daftari hili mwaka mzima nikijiuliza kwa nini mtu huyu, aliyenichumbia kwa kunitajia sekunde, alipokufa aliziacha."

Mfamasia aliinama akapanga kalamu zake.

"Na huyu wa leo naye hataji sekunde," alisema mjane. Alikuwa ananong'ona, macho kwenye redio kama mtu anayemtazama nyoka kwenye kikapu cha nguo. "Msikilize vizuri. Mimi nilitaka sana awe yeye, ndiyo maana nimechelewa kusikia. Hiyo si sauti ya mume wangu. Ni yako."

Na Mfamasia, ambaye tangu saa tatu alikuwa anasikia kile alichotaka kusikia, akasikia: ule mkato wa haraka, lile neno salama linalomalizwa kabla halijaanza, sauti ya mwanamke mwenye shughuli nyingi anayejibu kwa niaba ya mtu ili apite kwenye namba inayofuata, sauti yake mwenyewe, ikitoka kwenye redio na ikitoka pia, sasa, kwenye kona ya chumba palipokuwa na viti vya plastiki vilivyopangwa, ambapo kimoja kilikuwa kimegeuzwa kutazama meza na harufu ya mafuta ilikuwa nzito kiasi cha kutia machozi, na mlio wa zile saa ulikuwa umeacha kuwa wa redio ukawa wa kuta, wa meza, wa meno yake, tik, tik, tik, kila mmoja ukimpokonya binti yake pumzi moja kule juu mahali ambapo karatasi ilisema hakuna tatizo.

Akabonyeza kitufe cha kuongea.

"Sikumwita," alisema. Hewani, kila mtu akisikia. "Mwaka jana. Saa nne sikukiita kituo cha sita. Saa nne na nusu sikukiita. Saa tano sikukiita. Niliandika S mwenyewe. Hakuna maiti aliyejibu."

Akaachia. Mkwaruzo ukapasuka katikati, na Kinyozi akatokea ndani yake, akihema.

"Makao! Mnanipata? Nasikia filimbi. Ndogo sana. Inatoka chini ya barabara, kwenye kalvati, ila kuna makalvati matatu hapa na maji yanapiga kelele. Inakatika katika, dada, sijui ni lipi..."

"Salama," ilisema kona ya chumba, bila haraka, na Kinyozi akazama tena.

"Nimeshasema," Mfamasia alinong'ona. "Nimesema yote. Kinataka nini?"

"Kwa nini hukumwita?" aliuliza mjane.

"Kulikuwa na kazi nyingi, wifi. Mvua ilikuwa inaanza, kuna mtu alianguka kituo cha pili, mimi..."

"Salama," ikasema sauti yake, karibu zaidi, kama inamsaidia.

Mjane alisimama. Hakupaza sauti, hakulia. Alizunguka meza, akaikaribia redio, na kwa kucha akainua ncha ya ile plasta iliyozungushiwa kitufe cha sauti, akaibandua polepole hadi ikatoka yote, ikabaki inaning'inia kidoleni mwake.

"Na hii, wifi," alisema, "ni ya kidonda gani?"

Mfamasia aliitazama plasta. Kisha akabonyeza kitufe cha kuongea, na safari hii hakuitazama redio. Alimtazama mjane.

"Aliniita yeye," alisema, na ndani ya kuta saa moja ikasimama. "Saa nne kasoro dakika mbili na sekunde arobaini, aliitaja mwenyewe. Alisema kifua kinabana." Saa nyingine ikasimama, na nyingine. "Aliita mara tatu. Mlio wa saa yake ulikuwa unaingia kwenye kipaza sauti, ulikuwa unanichosha, mara zote ulikuwa unanichosha, nikajua ataniambia tena habari za sekunde. Nikapunguza sauti." Saa ya mwisho ikasimama, na redioni ikasikika filimbi, wazi sasa, bila neno salama juu yake.